Viatu vya Waliosalia

Nimekaa chumba kimoja na fundi viatu miaka kumi na tisa, kwa hiyo mtu asinifundishe habari ya harufu. Ya gundi naijua, ya ngozi iliyolowa naijua, na ya soksi ya mtu aliyezunguka tangu alfajiri ndiyo usiseme. Zote nimezizoea. Iliyonishinda ni ile ya ng'ambo ya barabara, kwenye rafu ya viatu ya Waliosalia, na kusema kweli haikuwa harufu ya miguu.

Fundi mwenyewe ni shemeji yangu, mume wa marehemu dada yangu. Mtaa mzima unamwita Gundi. Wateja wanadhani ni kwa sababu ya kazi, maana vidole viwili vya mkono wake wa kulia vimeganda rangi ya asali tangu ujanani. Jina nilimpa mimi, na sababu ni nyingine: huyu mtu akishika kitu haachii. Kiwanda cha viatu alichoanzia kazi kilipofungwa, wenzake walitawanyika wakatafuta riziki nyingine. Yeye akabeba nyundo, koleo na chuma cha kugongea, akaja kukaa mlangoni mwa chumba hiki. Mimi nikakaa nyuma yake na cherehani yangu, karibu na dirisha. Yeye alihitaji mlango kwa sababu mwenye kiatu kibovu hapendi kutembea mbali. Mimi nilihitaji mwanga wa kupitishia uzi. Dirisha linatazamana na jumba la Waliosalia, uso kwa uso. Sikulichagua kwa ajili hiyo, Mungu shahidi.

Kazi anaijua, siwezi kumnyima sifa yake. Hamtazami mteja usoni. Anapindua kiatu na kumsoma. Soli iliyolika upande wa nje, huyu ana goti bovu. Kisigino kimoja kimekwisha na kingine kizima, huyu anabeba mzigo bega moja. Siku moja alipindua kiatu cha jirani yetu muuza vitabu, akasema huyu siku hizi anapanda ngazi nyingi, na nyumba ya muuza vitabu haina ngazi hata moja. Mkewe ndiye aliyekuwa amekileta kiatu. Hatukumwona muuza vitabu mwezi mzima.

Akishaujua ugonjwa, anachukua chaki na kuandika chini ya soli siku ya kuja kuchukua: Jumatatu, Ijumaa, Alhamisi. Hana karatasi wala daftari. Nilikuwa namtania kwamba anasoma soli za watu wote isipokuwa za wale anaosali nao. Alikuwa anacheka, kama si siku ya ibada. Siku ya ibada kucheka kulikuwa marufuku.

Jina lao wanalieleza hivi: dunia nzima imepotea, wao ndio waliosalia. Dada yangu, ambaye alipenda maneno, aliniambia mwanzoni kwamba kusalia kuna maana mbili, kubaki na kuombea, na kwamba wao wamebaki ili watuombee sisi wengine. Nilimwamini kwa sababu alikuwa dada yangu. Baadaye niliona kwamba kubaki walibaki, ila huko kuombea nilikungoja mpaka nikachoka.

Mimi sikuwahi kujiunga. Kwa hiyo nilikuwa mpotevu wa kawaida tu, na mpotevu wa kawaida wanamsalimia vizuri. Anayenyimwa salamu ni aliyeingia akatoka. Huyo wanasema amevuliwa. Mshirika hali naye, hazungumzi naye, hampi kitu mkono kwa mkono, na akiamkiwa naye hamwitikii. Kazi peke yake inaruhusiwa, maana wana msemo wao kwamba biashara si ushirika.

Na kuna jambo moja zaidi, ambalo bila hilo haya yote yasingetokea. Kwao kuhesabu watu ni dhambi. Idadi ya walio wake anaijua Mungu peke yake. Basi wao huhesabu viatu. Ukifika unavua nje, unaweka kwenye kishubaka chako chenye namba, unaingia pekupeku. Mwenye kutaka kujua ushirika una nguvu kiasi gani anatazama rafu. Rafu hiyo ilijengwa na Gundi kwa mikono yake: safu kumi na mbili, kila safu vishubaka ishirini, namba zimepakwa rangi nyeupe. Ya kwake ilikuwa hamsini na tano, ya dada yangu hamsini na sita, ya binti yao hamsini na saba. Siku zile za neema vishubaka havikutosha, viatu vilimwagika mpaka kwenye ngazi, na mimi kutoka dirishani niliweza kumtambua nani amenunua vipya.

Mtu akivuliwa, kishubaka chake kinapigiliwa kipande cha ubao, kisitumike tena. Na kwa kuwa nyundo ni ya Gundi na misumari ni ya Gundi, kazi hiyo alipewa Gundi. Wafu tu hawazibiwi. Wafu, wanasema, wamesalia.

Sasa nifike kwenye kilichonitia kinyaa cha kwanza. Dada yangu alipata uvimbe tumboni. Kiongozi wao, mzee mmoja ambaye mtaani tunamwita Kipaza kwa sababu sauti yake haihitaji mashine, alisema asipelekwe hospitali, angojee katika maombi siku arobaini. Nilikwenda kugombana. Nilimkuta dada amekaa kitandani anashona vifungo, uso umekuwa mdogo, ananiambia nipunguze sauti. Siku ya ishirini na tatu jino la Kipaza lilianza kuuma. Siku ya ishirini na nne asubuhi alikuwa kwa daktari wa meno, kwa miguu yake, na mchana akarudi na pamba shavuni. Dada yangu aliishia siku ya thelathini na sita.

Binti yao alikuwa anasomea uuguzi wakati huo. Wiki moja baada ya mazishi alisimama ibadani na kuuliza swali moja. Nililisikia kwa masikio yangu kwa sababu madirisha yalikuwa wazi. Aliuliza, kama maombi yalitosha uvimbe wa mama, kwa nini hayakutosha jino la Mzee. Hakupandisha sauti. Akavuliwa siku hiyo hiyo, na baba yake akatoka na nyundo. Nilimwona akipigilia ule ubao kwenye hamsini na saba, misumari minne, mmoja kila pembe, kazi safi kama anayoifanya siku zote. Nilikuwa na mkasi mkononi, na mawazo niliyokuwa nayo sitayaandika hapa.

Miaka sita ilipita hivyo. Binti alimaliza masomo, akapata kazi katika hospitali ya mjini, akapanga vyumba viwili mitaa mitatu kutoka hapa. Na kila baada ya wiki chache analeta viatu vyake vyeusi vya kazini vishonwe. Anasimama mlangoni, anasema, "Shikamoo baba." Gundi hainui kichwa. Binti anaweka viatu kwenye meza na kurudisha mkono. Mkono wake ukishatoka ndipo baba ananyoosha wa kwake. Anavipindua, anachukua chaki, anaandika Alhamisi, anamwonyesha soli. Binti ananigeukia mimi, "Shikamoo mama mdogo," namwitikia marahaba kwa sauti ya kutosha watu wawili, anaondoka.

Viatu vyenyewe vilikuwa vizima. Kisigino kiling'olewa kwa koleo, hata mimi fundi cherehani niliona. Gundi, msomaji wa soli, aliona zaidi yangu. Alikuwa anavishona polepole kuliko vya mtu yeyote, na akimaliza anavitia rangi, anavifuta, anavitia rangi tena. Nilimwambia mara nyingi kwamba mtu na mwanawe kuzungumza kwa chaki ni aibu. Alinijibu kwamba chaki ni kazi, na biashara si ushirika.

Wakati huo Waliosalia walikuwa wanapukutika. Alianza mwalimu wa hesabu, aliyesema hawezi kufundisha kuhesabu mchana na kukataa kuhesabu jioni. Wakafuata ndugu wawili wauza mbao na wake zao. Vijana ndiyo walitoka bila hata kuaga. Siku moja viatu vipo, siku ya pili havipo. Nyundo ya Gundi ikawa inasikika kuliko nyimbo. Wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakigonga milango, lakini chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na milango ikawa inafungwa kabla hawajamaliza kusalimia. Kipaza yeye alikuwa na maelezo. Alihubiri kwamba kila anayetoka anathibitisha jina lao, kwamba waliosalia lazima wawe wachache. Nikamwambia Gundi kwa mwendo huo atakayebaki mmoja ndiye atakuwa mtakatifu kuliko wote, na sauti ya kuwazidi ameshakuwa nayo. Debe tupu haliachi kuvuma.

Ikafika tukawa tunaona jozi thelathini na nane kwenye rafu yenye nafasi mia mbili na arobaini. Ndipo barua ikaja kutoka nyumba yao kuu: wakaguzi watatu watafika Alhamisi ya wiki ijayo, washirika wote waitwe asubuhi. Tawi lenye jozi pungufu ya mia litafungwa na watu wake watapelekwa tawi jingine, na kiongozi wake atakaa benchi la nyuma kama mshirika yeyote.

Kipaza alikuja chumbani kwetu siku ya pili yake. Hakuja kushona kiatu. Alisimama akitazama ukuta wa nyuma, ambako Gundi amepanga viatu vya watu ambao hawakurudi. Kila fundi viatu anavyo. Mtu anahama, anafungwa, anakufa, anasahau, au anakuta amenenepa miguu.

"Hivi vyote ni vya nani, fundi?"

"Vya wateja, Mzee. Hawajarudi."

"Muda gani?"

"Vingine mwaka. Vingine mitano."

"Basi havina wenyewe," akasema Kipaza. "Na kisicho na mwenyewe ni cha Mungu."

Nikamwambia kutoka kwenye cherehani kwamba mimi pia ninayo magauni matatu yasiyo na wenyewe, kama Mungu anayahitaji aje tumpime. Akaniambia, mama, shona. Kisha akainama sikioni mwa Gundi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilijua kwamba yule mtu anaweza kunong'ona. Hata mnong'ono wake ulinifikia.

"Hamsini na saba," alisema. "Nitaamuru kizibo kitoke. Arudi bila kutubu, bila kuulizwa neno. Wewe nipe viatu tu."

Gundi alikuwa ameshika nyundo. Aliiweka chini taratibu sana. Kipaza alipoondoka nilizima cherehani na kumgeukia.

"Shemeji, utakwenda kuwadanganya watu kwa viatu vya wateja?"

"Sidanganyi. Naweka viatu kwenye rafu. Anayehesabu ni yeye."

"Na huyo Kipaza unamwamini? Aliyemwacha dada yangu akauke kitandani?"

Alikuwa anajikwangua gundi kwenye kidole, tabia yake akibanwa.

"Mimi nataka mwanangu akiniamkia nimwitikie," alisema. "Basi. Mengine yote nimeyasikia, shemeji. Ninayajua kuliko wewe."

Hapo nilikasirika na kumhurumia kwa wakati mmoja, na sipendi hali hiyo, inaniumiza kichwa. Nilitaka kumwambia kwamba kuitikia marahaba hakuhitaji ruhusa ya mtu mwenye pengo la jino. Lakini nilimwona alivyokuwa anatazama ule ukuta, tayari anachagua jozi, nikajua maneno yangu yatagonga mwamba.

Jumatano nzima alizifanyia kazi. Jozi sabini na tatu. Alizifuta vumbi, akazitia rangi, akazibadilisha kamba zilizooza. Ilikuwa kazi nzuri iliyofanywa kwa jambo la kunuka, na kila alipotema mate kwenye kitambaa ili ngozi ing'ae nilimgeuzia mgongo. Kulikuwa na viatu vya harusi vya mwanamke, kulikuwa na buti za mlinzi, kulikuwa hata na njumu za kuchezea mpira, na hawa ni watu wanaowavua wenzao kwa kutazama mpira dirishani kwa jirani. Nilimwonyesha zile njumu. Akasema akizitoa watapungua. Alizing'arisha zote juu. Chini hakugusa, maana kwa fundi chaki ni sehemu ya kiatu.

Alhamisi asubuhi alivuka na magunia mawili kabla ya mtu yeyote kufika. Kizibo cha hamsini na saba kilikuwa kimeng'olewa kama alivyoahidiwa, matundu manne ya misumari yanaonekana. Na pale, kwenye nafasi ile, aliweka viatu vyeusi vya binti yake vilivyokuwa vinangoja kuchukuliwa siku hiyo. Akarudi nyuma hatua mbili akavitazama: vyake, nafasi ya mkewe, vya mwanawe. Alifikiri ibada itakwisha kabla ya adhuhuri na atavirudisha mezani mapema. Sikuwa na haja ya kuuliza kwa nini alifanya hivyo. Mwenye macho haambiwi tazama.

Lakini Kipaza akiwa na wageni hajui kumaliza. Saa sita ikapita, bado anahubiri. Saa saba binti akaja na kandambili miguuni, ana haraka, zamu yake ya mchana inakaribia na hospitali hairuhusu muuguzi aingie wodini vidole vikiwa nje. Mlangoni hapakuwa na baba wala viatu. Ningeweza kusema uongo. Nilimwonyesha dirishani.

Alitazama ile rafu iliyojaa. Aliona hamsini na saba.

"Vile ni vyangu?" akauliza.

"Ni vyako, mwanangu."

"Anafanya nini navyo pale?"

Nikamweleza kwa maneno machache. Alivuka barabara, nami nikamfuata na futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Wakaguzi wawili walikuwa nje, wanahesabu, mmoja anataja na mwenzake anaandika. Wa tatu alikuwa ndani. Binti aliwasalimia, akanyoosha mkono na kuchukua viatu vyake. Yule anayeandika akamuuliza yeye ni nani anayechukua viatu vya washirika wakati wa ibada.

"Mimi ni mwenye viatu," alisema. "Nilivileta kushonwa. Siku ya kuchukua ni leo."

Akavipindua kumwonyesha. Alhamisi, kwa chaki, mwandiko mzuri wa Gundi. Mkaguzi alisoma. Kisha, polepole, akachukua jozi ya pembeni akaipindua: Jumatatu. Nyingine: Ijumaa. Buti za mlinzi: Jumatano. Alifika kwenye njumu akasimama. Ndani mahubiri yalikatika, Kipaza akatoka, na nyuma yake Gundi, pekupeku, na watu wengine wachache wakichungulia.

Kipaza alielewa kwa kutupa jicho mara moja. Wajanja huelewa haraka. Alinyoosha kidole kwa binti na kusema kwa sauti yake ile ya kufika mtaa wa pili kwamba huyu mwanamke si wao, ni mwizi wa mlangoni. Kisha akageuka.

"Fundi. Unamfahamu huyu?"

Binti alimtazama baba yake. Nilikuwa nimesimama kando yake na nikamsikia akisema, kwa sauti ndogo, kama anavyosema mlangoni kwetu, "Shikamoo baba."

Gundi alitazama miguu yake mwenyewe. Alitazama viatu mikononi mwa binti. Najua alikuwa anafikiri kwamba akikubali hapa, mbele ya wakaguzi, kila kitu kimekwisha na kizibo kitarudi. Alikuwa anajaribu kuiokoa ile ahadi. Lakini kujua sababu hakunisaidii, mpaka leo hakunisaidii.

"Ni mteja," alisema.

Binti alikaa chini kwenye ngazi. Akavua kandambili, akavaa viatu, akafunga kamba moja, akafunga ya pili. Akasimama na kukanyaga mara mbili kuvijaribu, kama wateja wanavyofanya.

"Ahsante, fundi," alisema, akaenda kazini.

Nilitema mate pale pale kwenye ngazi ya jumba lao. Sikuomba radhi na hakuna aliyenidai. Nilidhani wakaguzi sasa watawasha moto. Nilisubiri niuone. Yule mwandishi alimtazama Kipaza, akaitazama rafu, akautazama ukurasa wake. Mwenzake alimkumbusha kwa upole kwamba wiki iliyopita wamefunga matawi mawili na nyumba kuu haikufurahi. Basi akarudisha njumu kwenye kishubaka, soli chini, akaandika mia na kumi na moja. Alitoa moja tu, ile iliyoondoka na mwenyewe.

Binti hakuleta viatu tena. Wiki tatu, wiki nne. Gundi alikaa mlangoni, na kila kivuli kilichopita Alhamisi alikisikiliza mwendo. Mimi nilimsemesha kuhusu nyuzi na sindano tu. Nilimtendea kama wao wanavyomtendea aliyevuliwa, na nilipogundua nafanya hivyo nilijichukia, nikaendelea siku mbili zaidi.

Kisha siku moja ya ibada, asubuhi, Kipaza alisoma barua ya nyumba kuu. Niliisikia yote nikiwa nakata kitambaa. Tawi limesifiwa, tawi limesimama imara katika nyakati za upotevu. Walipotoka, watu thelathini na mmoja, alimshika Gundi bega na kumpeleka kwenye rafu. Magunia hayakurudi kwetu. Viatu vyote vya ukutani vilikuwa bado vipo pale, vimeanza vumbi. Na hamsini na saba haikuwa wazi. Zile njumu zilikuwa zimewekwa humo.

"Ahadi ni deni, fundi, na mimi nimelipa," alisema Kipaza, akicheka, siku ya ibada. "Nafasi ya binti yako imejaa."

Gundi aliziangalia. Mtu anayesoma soli aliziangalia njumu za kijana fulani ambaye hata jina lake hatukumbuki, zimepewa nafasi ya mwanawe kwa idhini ya wazee. Watu walikuwa wanainama kuvaa viatu vyao kulia na kushoto kwake. Yeye hakuinama. Alishuka ngazi pekupeku, akavuka barabara bila kutazama magari, akasimama mlangoni kwangu na mchanga vidoleni.

"Shemeji, umesahau viatu," nilimwambia.

"Sikusahau. Waache wahesabu."

Akaniomba nimpeleke kwa binti. Miaka sita mtoto anakaa mitaa mitatu na yeye hakuijua nyumba. Nilimpa kandambili zangu, hazikumwingia. Tukaenda hivyo hivyo, mimi na mzee pekupeku, mafundi wa baiskeli wakitucheka.

Nilibisha hodi mimi. Binti alifungua akiwa na ufagio mkononi. Alitutazama wote wawili, akaniamkia mimi, nikaitikia. Binti hakumwamkia baba yake. Alimsubiri, kama unavyomsubiri mteja aseme shida yake.

"Marahaba," alisema Gundi.

Binti alikunja uso. "Sijakuamkia."

"Uliniamkia. Miaka sita uliniamkia." "Marahaba, mwanangu. Na ile ya kwenye ngazi pia. Marahaba."

Ufagio ulianguka na hakuna aliyeuokota. Mwishowe binti akatazama chini, akaona ile miguu, akauliza viatu viko wapi, akaambiwa. Hakucheka. Alisema aingie ila aoshe miguu kwanza, ametoka kupiga deki.

Siku hizi Gundi anatembea na viatu vya kukopa kutoka ukutani kwake mwenyewe, vile vichache vilivyobaki. Vyake viko hamsini na tano mpaka leo, naviona nikiinua macho kutoka kwenye sindano. Kizibo hawajampigilia, maana wakimzibia watapunguza jozi, na pia hawana nyundo. Juzi Kipaza alinipungia mkono kutoka ng'ambo akaniambia nimsalimie shemeji yangu, kwamba kwenye hesabu yao bado amesalia. Nilifunga dirisha. Sasa nashona kwa taa mchana, na macho yananiuma.